Poti za gitaa la umeme: pima kabla hujalipa

Malalamiko ni yaleyale: mtu kanunua pikapu mpya, kile kinasa mitetemo ya nyuzi, kafunga, na gitaa bado linasikika limefifia, kana kwamba linapigwa chumba cha pili. Mara nyingi kosa haliko kwenye pikapu. Liko kwenye poti ya volyumu, kile kipande cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha sauti, ambacho hakuna anayekipima dukani.

Kila fundi anajua pikapu ya koili moja hutaka poti yenye ukinzani wa kiloomu 250, na hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, hutaka 500. Kinachosahaulika ni kwamba namba iliyogongwa mgongoni si ahadi. Poti nyingi zinaruhusiwa kupishana kwa asilimia 20, kwa hiyo poti yako ya 500k (kiloomu 500) inaweza kuwa 400k. Ukinzani ukipungua, sauti kali za juu huvujia kwenye ethi kabla hazijafika kwenye jeki ya kutolea sauti.

Nenda na maltimita, kile kipima umeme. Iweke kwenye 2M (megaomu 2), maana ile ya 200k haifiki. Gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya pembeni, na vidole vya mikono yote miwili visiguse chuma, la sivyo mwili wako nao utahesabiwa. Kama poti tayari iko ndani ya gitaa, ng'oa waya wa pikapu kwanza. Pikapu ina kiloomu chache tu na itavuruga kipimo. Kati ya poti mbili, yenye namba kubwa iende kwenye volyumu, ndogo kwenye toni.

Chaguo langu la kwanza ni poti za kampuni ya CTS, na sifichi. Mgongo wake wa milimita 24 unapokea risasi ya kulehemu vizuri. Ila shingo ya poti hiyo, inayopita kwenye mwili wa gitaa, inataka tundu la milimita 9.5, wakati magitaa mengi ya bei nafuu yana 7 au 8. Lipanue kwa tupa ya mviringo, taratibu. Drili hubandua rangi. Kifundo cha kuzungushia chenye meno 18 nacho hakikai kwenye meno 24 ya CTS. Ukilazimisha, kinapasuka.

Bourns inafuata. Ni laini, inamfaa mpiga solo anayeshusha sauti mwimbaji akiimba na kuifungua sebene ikiingia. Alpha ya milimita 16 inakaa bila kupanua tundu. Zisizo na jina ziache.

Kinachoudhi ni bei ya kapasita, kile kipande kinachofungwa kwenye poti ya toni ili kukata sauti za juu. Wauzaji wanawakamua watu kwa kapasita za karatasi na mafuta, wakati kinachobadilisha sauti ni thamani: mikrofaradi 0.022 kwa hambaka, 0.047 kwa koili moja. Ya filamu ya plastiki inatosha kabisa. Hata ile "seti ya kulinda sauti za juu" unaposhusha volyumu ni kapasita ya pikofaradi 1000 na rezista ya 150k, zimefungwa sambamba kati ya mguu wa kuingilia na wa katikati wa volyumu. Nunua vipande hivyo viwili kwa fundi redio.

Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 au zaidi, na mgongo wa poti uukwangue kwa msasa kwanza. Pasi dhaifu inakulazimisha kukawia juu yake, joto linaingia hadi kwenye kaboni iliyo ndani ya poti, na poti uliyoichagua kwa kipimo inaanza kukwaruza.