Brands Hatch fupi kwenye usukani wa gemu, Mwanjelwa: uzoefu wangu

Naendesha Kosta ya Mbeya–Tukuyu mwaka wa nane sasa. Ukungu wa Isyonje naujua, mteremko wa kuelekea Kiwira naujua, na kurudi napanda na mikungu ya ndizi juu ya keria. Kwa hiyo kijana mmoja wa Mwanjelwa alipofungua banda la gemu lenye usukani, pedali na kiti cha gari kilichofungwa kwenye fremu ya chuma, nilienda nikitafuta kitu kimoja tu: uwanja wa mbio za magari wenye mlima. Ndani ya Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, akanifungulia Brands Hatch, ule wa Kent, Uingereza.

Uwanja huu una njia mbili. Ndefu inakaribia kilomita 4 na inaingia msituni. Fupi, inayoitwa Indy, haifiki kilomita 2. Wateja wengi wa pale huchagua ndefu, wakiamini fupi ni ya wanaojifunza. Mimi nimelipia zote mbili, nusu saa shilingi 3,000, na sasa nachagua fupi bila kusita.

Sababu ni kona ya kwanza, Paddock Hill. Unakuja kwa kasi, barabara inainuka kidogo, halafu inakata kulia na kudondoka kwa wakati mmoja. Chini huoni. Usukani unakuwa mwepesi mkononi kwa sababu uzito wa mbele ya gari unapungua linapovuka kilele, na hapohapo ndipo unapotakiwa kuwa umeshamaliza breki. Hilo la breki halikunisumbua, maana mlimani kwetu ndivyo tulivyofundishwa: unapunguza mwendo na kupanga gia kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Kilichonishinda ni mikono. Barabarani, kona ya kulia isiyoonekana mwisho sithubutu kusogea kulia, nitakutana uso kwa uso na lori linalotoka Kasumulu. Pale unatakiwa uanzie kushoto kabisa, kisha ukate hadi uguse ukingo wa kulia. Mikono ilikataa. Mizunguko kama kumi hivi niliishia kwenye changarawe.

Na hapo ndipo ufupi unapolipa. Kwa Mazda Roadster, gari dogo lisilo na nguvu nyingi, mzunguko mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo kabla hujasahau ulichokosea Paddock, umeirudia. Kwenye njia ndefu nusu saa ilinipa kona hiyo mara kumi na tano hivi. Kwenye fupi zilizidi ishirini na tano, na mikono ikakubali.

Baada ya Paddock unafika bondeni na kupanda moja kwa moja hadi Druids, kona ya kulia iliyojikunja kabisa juu ya kilima. Hii iliongezwa mwaka 1954. Kabla ya hapo uwanja ulikuwa mduara mdogo ndani ya bonde la asili. Lami iliwekwa 1950, na hata magari hayajaja, waendesha baiskeli walikuwa wakishindana humo tangu 1926. Kwa hiyo hiyo fupi ndiyo shina lenyewe. Kipande cha msituni kilifuata 1960. Ukishuka Druids unapinda kushoto, unanyooka kidogo, kisha unaikuta Surtees, mahali njia mbili zinapoachana. John Surtees ndiye mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa Formula 1, na ubingwa wa magari aliupata 1964, mwaka uleule Brands Hatch ilipopokea Formula 1 ya dunia kwa mara ya kwanza. Kupita kona yenye jina lake, hata kwenye kioo cha skrini bandani, kulinigusa.

Kasoro zipo. Kioo kinalaza mlima: Paddock inaonekana kama mteremko wa kawaida mpaka usukani ukuambie vinginevyo, na kiti hakitikisiki, kwa hiyo tumbo halipati ile hali ya kuachwa nyuma gari linapodondoka. Pedali ya breki ni laini mno, inahitaji mguu mwepesi kuliko wa dereva wa Kosta. Umeme ulikatika mara moja, nikarudishiwa dakika zangu zote bila kubishana.

Ukienda, omba gia za mkono, omba gari lisilo na nguvu nyingi, na kamera ya ndani ya gari. Vijana wanachagua magari makali halafu wanashinda kwenye changarawe. Gari dogo linakuonyesha mlima, kwa sababu kupanda Druids ukiwa umepoteza mwendo kule Paddock unaisikia injini ikilalamika kama Kosta iliyojaa.

Nilianza na dakika moja na sekunde kumi na moja. Sasa nipo dakika moja na sekunde tano. Kijana wa banda ana dakika moja na mbili, na juzi aliniambia, "Mjomba, hizo tatu ziko Druids, unachelewa kukanyaga mafuta." Jumamosi nikishamaliza kushusha abiria naenda kuzitafuta.