Invata ya mota ndogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Jamani kabla hujatoa hela kasome kwanza pleti ya mota yako, kile kibandiko cha chuma chenye namba zake, achana na wati zilizoandikwa kwenye boksi la invata. Mie nilinunua imeandikwa wati 1000, kipampu changu nusu hospawa, yani wati 375 hivi, nikajua inatosha na inabaki. Kuwasha tu, pampu nnnn, invata piii, kimya. Kumbe mota ikianza inavuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida, muuzaji hilo hakunambia.

Namba moja kwangu ni VFD, yani invata ya kuongoza mwendo wa mota, ile inaingia fezi moja ya nyumbani inatoa fezi tatu. Una mashine ya kukuna nazi hapo Ngamiani, Tanga, na fezi tatu huna? Chukua hii na mota ya fezi tatu, hata ya mtumba. Unaiwekea sekunde tano mpaka ifike hezi 50, inaanza pole pole, taa za jirani hazififii. Hospawa moja ni kilowati 0.75, ila mie kwa nazi VFD naipandisha saizi moja, kilowati 1.5, maana kuna watu wanakandamiza kama wanagombana nayo. Sasa hapa ndo wengi wanachemka, pleti lazima isome volti 230/400, kwa sababu VFD hii inatoa volti 220 na kitu, haifiki 400, kwa hiyo fungua kiboksi cha mota utaona nati sita, vile vibati vinavyoziunga vikiwa vimelala mstari mmoja hiyo ni staa, namna ya kuunga mota kwa volti 400, vitoe uvisimamishe vitatu sambamba, hapo ndo delta, ya volti 230. Ukiacha staa itazunguka ila nguvu hamna. Na usiifunge kwenye mota ya fezi moja yenye kapasita, mtalia.

Namba mbili, invata ya betri ya pyua sainwevu, yani inatoa umeme wa wimbi laini kama wa gridi, kama shida yako ni umeme kukatika. Wati zake ziwe mara tatu au nne ya mota, na waya wa betri mnene mfupi, maana kwa volti 12 hiyo nusu hospawa tu inapita ampea 40.

Ya mwisho zile invata za modifaidi sainwevu, wimbi lake la ngazi ngazi, za bei chee. Taa sawa, chaja sawa, mota inanguruma na kuchemka. Hizo ndo waja leo waondoka leo.

Ukikaa karibu na bahari kama Raskazone, chumvi inakula bodi, ifute vumbi mara kwa mara, ila ukizima VFD subiri dakika kumi kabla hujafungua, kapasita za ndani zinabaki na volti 300 na ushee.