Bogi mpya za mabehewa yangu ya tangi: zenyewe nzuri, skrubu zake hovyo

Nina mabehewa manne ya tangi ya treni ya mfano, skeli ya 1:76, na yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: yakiingia kwenye kona, moja lazima liache reli. Bogi zake za zamani, yaani vile vigari vya ekseli mbili vinavyobeba kila mwisho wa behewa, zilikuwa na magurudumu ya plastiki yanayozoa uchafu na kuupaka reli nzima. Nikaamua kuzing'oa zote nane na kuweka za aina ya Y25, bogi ya kawaida ya mabehewa ya mizigo Ulaya, zenye magurudumu ya chuma.

Kosa la kwanza ni langu. Niliagiza za skeli ya 1:87 kwa kuwa upana wa reli ni uleule, milimita 16.5. Lakini kwenye Y25 halisi, ekseli ziko umbali wa mita 1.8, kwa 1:87 hiyo ni kama milimita 20.7, kwa 1:76 ni 23.7. Milimita tatu tu, utasema, ila behewa lilionekana kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Nikaagiza upya.

Za pili zilikuja na fremu safi, hata springi zake zinahesabika kwa macho. Beringi ni vikombe vidogo vya shaba unavyovisukuma ndani mwenyewe. Kimoja kiliingia upande na gurudumu likagoma kuzunguka. Nilikitoa, nikasafisha tundu kwa ncha ya keekee ya milimita 2 niliyoizungusha kwa vidole, kikakaa sawa. Kabla ya kufunga chochote, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Mimi nataka milimita 14.4, na kati ya ekseli 16 mbili zilisoma 14.1. Hizo ndizo zinazorukaruka kwenye makutano ya reli. Unashika gurudumu, unalizungusha huku unalivuta, basi.

Sasa skrubu. Zinazokuja nazo ni fupi, zinajichimbia kwenye plastiki na zinalegea zenyewe treni ikitembea. Nilipozikaza zote kwa hasira, mambo yakawa mabaya zaidi. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, na behewa ni hivyohivyo: bogi moja iachwe igeuke na kuinamia mbele na nyuma tu, isilale kushoto wala kulia; ya pili iwe huru kila upande. Ukizikaza zote mbili, gurudumu moja litaning'inia hewani penye reli isiyo sawa. Niliishia kutumia bolti za milimita 2 zenye nati, na tone la rangi juu ya nati isilegee. Tangu siku hiyo hakuna behewa lililoanguka.

Urefu nao uliniletea kazi. Behewa lilisimama juu zaidi ya wenzake kwa karibu milimita moja, ndoano zikawa zinapishana. Nilipiga tupa pale bogi inapokaa, na kwenye behewa moja nikapitiliza, ikabidi niweke washa, kile kipete bapa, nyembamba. Hapohapo ukingo wa gurudumu ukaanza kugusa tumbo la behewa kwenye kona. Nilijua baada ya kuona mstari unaong'aa palipochunika rangi.

Uzito sikuubahatisha. Kanuni ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, kwa 1:87 ni aunsi 1, na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa langu la sentimita 18 ni kama gramu 129, na imenitosha ingawa skeli yangu ni kubwa kidogo.

Nimezipa nyota nne. Behewa la nne bado linalia kidogo likienda polepole. Oili sitii, inakamata vumbi. Nimeweka unga wa grafaiti kwenye beringi moja, kesho naweka kwenye zilizobaki.