Raba za mtumba za Karume kwa nusu marathoni: pea tatu, Kili moja, kucha mbili zimekwenda

Kwenye joging yetu nimeulizwa sana hizi raba natoa wapi na zina ukweli gani, kwa hiyo naandika mara moja halafu nitakuwa natuma tu. Sizungumzii raba ya dukani hapa, nazungumzia mtumba wa Karume, Ilala, pea tatu nilizonunua kuanzia katikati ya 2024. Ya kwanza nilipigwa mchana kweupe, ya pili ndo nimekimbilia nusu marathoni ya Kili (Kilimanjaro Marathon, kule Moshi), ya tatu naianza sasa hivi. Na mimi siyo mkimbiaji kivile, nina miaka 41, kilo 84, nakimbia mara tatu au nne kwa wiki, nikimaliza kilomita 21 bila kubebwa nashukuru Mungu. Wale wa saa moja na dakika ishirini haya hayawahusu, nyie mna watu wa kuwashauri.

Kwa nini mtumba? Pesa. Nilipita duka moja la mol nikakuta raba mpya ya kukimbilia imeandikwa laki nne na kitu, nikairudisha taratibu kama yai. Halafu zipo zile "mpya" za elfu 50 ambazo nembo ni ya kampuni kubwa ila soli ni plastiki tupu, ukikanyaga unasikia lami yote kwenye goti. Kati ya feki mpya na orijino iliyotumika mimi nachagua orijino iliyotumika, ila ujue unanunua nini, na hapo ndo nilipopigwa.

Pea ya kwanza. Nyeupe, inang'aa, kampuni siitaji maana kosa si lao. Muuzaji kijana mchangamfu, "kaka karibu, hii ndo ya Kipchoge, hii hii, angalia soli". Kwake kila raba ilikuwa ya Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya, hata zile za kuchezea tenisi. Nikatoa elfu 38 bila kushika kitu zaidi ya kamba. Nilichokiona na nikakipenda, mjinga mimi, ni kwamba soli ilikuwa imeshonwa uzi pembeni kuzunguka raba nzima, nikajiambia hii sasa imara, haibanduki. Wiki ya kwanza nikaanza kusikia maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti, nikasema ni uzee. Wiki ya tatu Jumapili alfajiri nimetoka upande wa Aga Khan naingia Daraja la Tanzanite, lile la juu ya bahari lenye kama kilomita moja, nipo katikati kabisa, uzi ukakatika upande wa vidole na raba ikaanza kucheka. Siyo kucheka kidogo, ilicheka mpaka jino la mwisho. Nikavua zote mbili nikatembea peku mpaka ufukwe wa Coco. Jamaa mmoja wa joging akanitania eti Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu, nikamjibu Bikila hakuwa na kilo 84.

Nikapeleka kwa fundi viatu Buguruni, mzee wa watu, hata hakuishika vizuri. Akaikunja mara moja akasema "mwanangu hii imekufa siku nyingi, hapa walishona maiti". Akanielewesha kitu ambacho natamani ningekijua mapema. Raba inazeeka hata kama haijavaliwa. Gundi inakufa na sponji ya soli inakauka, na joto na unyevu ndo vinamaliza kabisa, na Dar tuna vyote viwili. Sasa fikiria raba imekaa kabatini kwa mzungu miaka kumi, ikafungwa kwenye belo, ikakaa kwenye kontena, ikashuka hapa. Juu mpya, chini imeoza. Na ule uzi niliouona ni imara ndo dalili yenyewe, maana raba ya kukimbilia kiwandani inagundishwa, haishonwi pembeni. Ukiona uzi ujue ilishabanduka, na ukiishona unatoboa matundu kwenye soli na inakuwa ngumu, haikunjiki tena pale vidole vinapokunjika. Kwa kwendea harusi sawa. Kwa kilomita 15 hapana.

Kwa hiyo pea ya pili nilienda kama askari wa upelelezi. Alfajiri, siku wanayofungua belo, maana ukienda saa nane mchana unakuta zile walizokataa wenzio. Muuzaji mwingine, mtu mzima kidogo, hana maneno mengi. Nikafanya hivi: natoa ile soli laini ya ndani naangalia alama za mguu, kama vidole vimechimba mashimo meusi hiyo imeshatembea sana. Nabonyeza sponji kwa dole gumba pembeni, inatakiwa ibonyee na irudi, ikiwa kama kuni au ina mikunjo mingi ya mlalo naachana nayo. Naziweka zote mbili pamoja juu ya meza natazama kwa nyuma, kama moja imelala ndani au nje maana yake mwenyewe wa kwanza alikuwa anakanyaga upande na wewe utarithi ulemavu wake. Halafu kitambaa cha maji nafuta soli, maana kuna wanaopaka rangi. Mwisho kabisa lebo ya ndani, kwenye ulimi au pembeni yake, kampuni nyingi wanaandika tarehe ya kutengenezwa kwa maandishi madogo kama sisimizi. Unahitaji tochi ya simu na macho ya kijana.

Ndo nikaipata Nike Pegasus 37. Pegasus ni raba ya mazoezi ya kila siku, jina lenyewe lipo tangu 1983, na hii 37 ilitoka 2020. Soli ya chini vile vipira bado vina meno, sponji inarudi, lebo inasema 2020, yaani nilivyonunua ilikuwa na miaka minne tu. Alianza elfu 70, nikasema 35, tukakutana 45. Kitu kilichonifurahisha kwake, alitandika boksi chini akaniambia kimbia hapo, nikakimbia kama mwehu katikati ya watu wenye magunia. Wengi hawakubali, wanasema utachafua.

Nyumbani mke wangu ndo akagundua. "Baba nanihii, mbona hii ya kike?" Nikabisha. Tukaangalia lebo: US 10.5, UK 8, EUR 42.5. Kumbe kwa Nike ya kiume namba ya Marekani inaizidi ya Uingereza moja tu, ya kike inazidi mbili na nusu. Mtu mwenye UK 8 ya kiume lebo ingesema US 9. Basi nimevaa raba ya mama fulani wa huko ng'ambo, mwenye mguu mkubwa, Mungu ambariki. Na siyo suala la rangi tu, hiyo Pegasus 37 ina kifuko cha hewa mbele chini ya vidole, na walijaza tofauti, ya wanaume presha 20, ya wanawake 15. Kwa hiyo yangu ilikuwa laini zaidi mbele, na mimi ni mzito. Ubaya wake sijauona mpaka leo, miguu yangu imeipenda, ila kama wewe unapenda raba ngumu inayokurudisha, angalia lebo kabla hujalipa. Muuzaji hatakwambia, na sidhani kama alijua.

Nikaiingiza Strava, ile app ya simu ya wakimbiaji, iwe inahesabu kilomita (ipo sehemu ya kuandikisha raba, wengi hawaijui), nikaanza. Kawaida yangu ni Coco, darajani na kurudi. Shida ya Dar ni tambarare na Kili ni mlima, kwa hiyo Jumamosi tulikuwa tunapanda daladala alfajiri kwenda Pugu tukimbie kuelekea Kisarawe, vile vilima vinakufundisha adabu. Tope la Kisarawe liliingia kwenye raba likagoma kutoka. Kosa nililofanya ni kuianika juani baada ya kufua. Usianike juani, nimeshasema joto linaua gundi. Jaza magazeti ndani, weka kivulini, subiri.

Sasa Kili yenyewe, Februari 2025. Kwa ambaye hajawahi, Moshi ipo juu mita 800 na kitu na sisi tunatoka usawa wa bahari, siku ya kwanza ukipanda ngazi za gesti unahema. Mnaanzia kule Chuo cha Ushirika, na nusu marathoni nzima ina tabia moja: unapanda barabara ya Mweka, halafu unashuka ulikopanda. Mnapanda. Mnapanda tena. Migomba na kahawa kushoto na kulia, watoto wanatoa mikono uwapige tano, mama mmoja kwenye kibanda cha ndizi ananiambia "pole baba, bado kidogo" na ilikuwa bado kilomita nne. Kwenye kupanda hii Pegasus sina neno nayo. Kisigino kimeinuka kidogo kuliko mbele, kama milimita 10, msuli wa nyuma ya mguu haukuniuma kama nilivyoogopa. Nusu ya kupanda nilitumia kama saa moja na robo, bila kusimama, ila kutembea kwenye meza za maji nilitembea, sitadanganya.

Kushuka ndo hadithi nyingine. Kilomita kumi za kushuka, kila mtu anajiona Simbu, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, mimi nikaachia. Kwenye kushuka mguu unateleza mbele ndani ya raba na vidole vinagonga ukuta. Kilomita ya 14 nikasikia kidole gumba kinapiga, ya 17 nikakisahau kwa sababu vyote vilikuwa vinapiga. Nimemaliza saa 2 na dakika 14, rekodi yangu, na jioni kwenye gesti nikavua soksi nikakuta kucha mbili nyeusi kama lami. Zilianguka mwezi uliofuata.

Hilo sitailaumu raba, ni mimi. Raba ya kukimbilia inatakiwa ibaki nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, mimi niliacha nusu yake kwa sababu kwenye mtumba huchagui namba, unachukua iliyopo. Na lile tundu la mwisho la juu karibu na kifundo ambalo wote tunaliacha, kazi yake ndo hii. Unapitisha kamba tundu la mwisho upande ule ule ubaki na kitanzi, halafu unaingiza kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi na kukaza. Kisigino kinashikwa, mguu hauendi mbele. Nimejifunza baada ya kucha kwenda. Mafuta ya mgando nayo msidharau, kati ya vidole na kwenye chuchu, wanaume mnanielewa.

Hiyo pea sasa imefika kilomita 640 kwa mkono wangu, za mama wa ng'ambo sizijui. Wanasema raba ya kawaida inaishi kilomita 500 mpaka 800, na kweli yangu imeanza kuwa bubu, ukikanyaga hairudishi. Nimemkabidhi shemeji anaendea sokoni. Elfu 45 gawa kwa kilomita 640, ni kama shilingi 70 kwa kilomita, hata bodaboda atakucheka.

Kuhusu zile raba za mashindano zenye bati la kaboni ndani ya soli, nazo zinaletwa Karume siku hizi, na bei wanapiga kweli maana wameshajua. Ushauri wangu ziache. Sponji ya raba zile ni laini sana na ndo inayokupa mbio, na inachoka mapema kuliko ya raba za mazoezi, sasa mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza kwenye marathoni zake kilomita 42 kwa 42, wewe unanunua bati. Umelipa laki na nusu kwa ajili ya picha.

Huduma kwa ujumla: kurudisha hakuna, ukishavuka mlango wa banda ni yako na matatizo yake. Risiti usiulize, wataona wewe ni mtu wa TRA. Kubanana kupo, simu weka mfuko wa mbele. Yule wa pea ya kwanza nilimrudia, akanikumbuka, akanichekea, akaniuzia soksi. Yule mtu mzima nampa nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa ajili ya kucha.

Pea ya tatu nimechukua kwake wiki iliyopita, ASICS, elfu 50, nafasi mbele nimepima kwa dole gumba mbele yake mpaka akanuna. Maneno ya soko yamebadilika kidogo. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo Septemba 2025, kwa ile tofauti ya sekunde 0.03 na Mjerumani, raba zote za Karume zimeacha kuwa za Kipchoge, ni za Simbu. Yangu pia ni ya Simbu, nimeambiwa. Lebo inasema ya kiume, 2022, sponji inarudi. Jumamosi nipo nayo Pugu saa kumi na moja alfajiri, anayekuja aje na nauli yake.