Darubini ya jeshi kwa mkazi wa Mombasa: ipi ununue, ipi uache dukani

Jioni ya tarehe 29 Shaabani, miaka michache nyuma, nilipanda juu ya paa kwetu Mji wa Kale na darubini mpya. Ilikuwa na madoa ya kijani kama gwanda la askari, lenzi nyekundu kama rubi, na maandishi makubwa: 60x60. Mwenye duka alikuwa ameniapia kwamba ndiyo wanayotumia wadunguaji wa jeshi. Jua likazama upande wa Changamwe, nikaielekeza pale, nikaona weusi unaotetemeka. Mzee jirani alikuwa na yake kuukuu, imechubuka rangi hadi chuma kinaonekana, 7x50. Akatazama kwa muda bila kusema neno, kisha akauvua mkanda shingoni akanikabidhi. Mwezi ulikuwa pale pale nilipokuwa nikitazama, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

Kesho yake niliipima ile yangu kwa rula. Lenzi ya mbele ilikuwa na upana wa milimita 35, wala si 60.

Basi anza na namba. Ya kwanza ni mara ngapi darubini inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linalokufikia jichoni. 7x50 inakupa kama milimita 7, na mboni ya kijana gizani hufunguka karibu kiasi hicho. Ya mtu aliyekula chumvi hufunguka kidogo kuliko hapo, inategemea umri. 60x60, hata ingekuwa ya kweli, ingekupa milimita 1 tu, na hakuna mkono wa binadamu ungeweza kuituliza.

Wanajeshi wanalijua hili. Bunduki ya mdunguaji aina ya Dragunov iliyoingia jeshi la Kisovieti mwaka 1963 ilifungwa darubini ya PSO-1, inayovuta mara 4 tu. Bunduki ya M40 ya kikosi cha Marine cha Marekani, ya mwaka 1966, ilikuwa na darubini ya Redfield ya mara 3 hadi 9. Kule Marekani wako wapenzi wanaojiundia nakala za M40 kipande kwa kipande, na wengi huhangaikia glasi, yaani darubini yake ya zamani, kuliko kitu kingine. Hapa Kenya bunduki ni mambo ya leseni na polisi, lakini mapenzi ya glasi nzuri yako wazi kwa kila mtu. Nasi tuna mafundi wetu wanaonunua darubini mbovu mbili wakatoa nzima moja.

Ya kwanza kwangu ni 7x50 ya baharini iliyozibwa maji. Steiner, Fujinon, au ile 7x50 ya Nikon isiyoingia maji. Ndani hujazwa nitrojeni badala ya hewa yetu yenye unyevu, kwa hiyo haitoki ukungu ndani ya kioo ukitoka chumba chenye kiyoyozi. Nyingi hurekebishwa kila jicho peke yake: unaweka mara moja, kisha kila kitu cha mbali kiko wazi, iwe boya la mlango wa Kilindini au meli ya makontena inayosubiri nje. Ni nzito, inakaribia kilo au kupita, na bei inauma. Lakini kwa mvuvi, nahodha wa dau au mtafuta mwezi sioni ya kuishinda.

Ya pili ni 8x42, kwa anayetazama ndege. Ni nyepesi, na unazungusha gurudumu moja la katikati ndege akisogea. Ukienda Mida Creek utaishukuru. Soma vizuri kama imezibwa maji: Nikon Aculon 8x42 ina picha safi kwa bei yake, ila haikuzibwa, kwa hiyo usiipeleke baharini.

Ya tatu ni ile kuukuu ya Kisovieti, 8x30 au 7x50, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha isionekane kichwa chini, ni za mtindo wa Porro, Mwitaliano aliyeubuni katikati ya karne ya 19, ndiyo maana mabega yake yametanuka. Mwili ni chuma, skrubu zinafunguka, fundi mvumilivu anaweza kuisafisha na kuilinganisha upya. Baadhi huonyesha picha yenye umanjano kidogo, macho huzoea. Ningeiweka ya kwanza kama si unyevu wa Pwani. Kuvu huota ndani ya lenzi, na ikikaa sana hula kioo chenyewe, hapo hakuna kusafisha.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kuikagua. Washa tochi ya simu mbele ya lenzi, chungulia upande wa pili: nyuzi kama utando wa buibui ndizo kuvu. Kisha ishike mbali na uso, uielekeze angani, utazame lile duara la mwanga. Likiwa duara kamili, prizimu ni za glasi nzuri. Likiwa na pembe zilizokatwa kivuli, ni za rahisi. Mwisho tazama mlingoti au nguzo ya stima kwa dakika tano nzima. Ukiona viwili, au macho yakianza kuvuta, mirija haikulingana. Muuzaji akikuharakisha, rudisha.

10x50 ni ya nne. Inavuta zaidi, lakini ndani ya dau mawimbi nayo yanakuzwa mara 10.

Zile za kuzungusha ukubwa (zoom), zile za lenzi nyekundu, na kila yenye neno la jeshi lililoandikwa kubwa kuliko jina la kiwanda, ziache hapo hapo. Ile rangi nyekundu inarudisha nje mwanga ambao jicho lako linauhitaji.

Usiielekeze kambi ya wanamaji ya Mtongwe, hata kwa mchezo. Na mtafuta mwezi asubiri jua lizame lote kabla ya kuinua darubini, maana sekunde moja yatosha kuunguza jicho.

Yangu ya sasa, 7x50 iliyozibwa maji, hukaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, siyo kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuulisha kuvu. Nikitoka baharini naimwagia maji matamu kwanza, chumvi iondoke, ndipo naigusa kwa kitambaa.