Petroli isiyo na risasi katika ndege yangu: injini imeridhika, mipira ndiyo ya kuchungwa

Ndege yangu ni ya viti viwili, ina injini ya Rotax 912 UL ya nguvu farasi 80, na makao yake ni Nakuru ingawa safari zake nyingi huishia Kisumu. Kwa muda mrefu sasa naitia petroli isiyo na risasi (yaani madini ya ledi), ile ile ya magari, kwa kuwa mtengenezaji wa injini anairuhusu mradi oktani, kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati wake, isipungue 90. Kwa upande wa injini sina la kulalamikia. Petroli ya ndege ya 100LL huwa na risasi ya hadi gramu 0.56 kwa lita, nayo huganda kwenye plagi na kutuama kwenye tangi la oili, ndiyo maana anayeitumia sana hutakiwa kubadilisha oili kila saa 50 za kuruka badala ya 100. Sasa plagi zangu hutoka zikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, na ule utando wa kijivu siuoni tena.

Kinachohitaji macho ni mipira ya mafuta, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha petroli. Tolueni na zaileni, kemikali zilizomo katika petroli, huvimbisha mpira wa kawaida, na etanoli, spiriti inayoweza kuchanganywa katika petroli, ikiwamo hulainisha mipira ya zamani na hata kula gundi ya tangi la fiberglasi. Fundi wangu alipofungua mpira unaotoka kwenye filta, ngozi yake ya ndani ilikuwa inanata, ncha imevimba hata ikakataa kurudi mahali pake, na ndani ya filta mlikuwa na chembe nyeusi. Tulibadilisha mipira yote na oringi zake (pete za mpira za kuziba viungo), tukaweka aina inayostahimili etanoli. Maboya ya kabureta, yanayoelea ili kudhibiti mafuta yanayoingia humo, nayo tunayapima kwa mizani: mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7, kwani yakinywa mafuta huzama na kabureta hufurika.

Etanoli si ya kukisia, hasa katika kanda hii ambako molasi imekuwa ikigeuzwa spiriti Muhoroni kwa miongo mingi. Natia maji kidogo katika glasi nyembamba, naweka alama, naongeza petroli na kutikisa. Yakishatulia, mstari wa maji ukiwa umepanda, etanoli imejiunga na maji, na petroli hiyo haiingii katika ndege yangu.

Septemba 2022 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipoidhinisha G100UL, petroli ya ndege isiyo na risasi, nilifurahi kweli. Baadaye wamiliki kadhaa wa ndege huko California waliripoti rangi kubanduka na matangi kuvuja, ingawa watengenezaji wake wanasema chanzo ni rangi na gundi zilizokwisha kuchakaa. Kwangu mimi ubishi huo wenyewe unatosha kunifanya nikague viungo vya tangi kabla ya kubadilisha mafuta yoyote.

Naipa petroli hii nyota nne kati ya tano. Mwenye tangi la zamani la fiberglasi namwomba asiitie kabla ya kupata maandishi ya mtengenezaji wa ndege yake.