Vifaa vya kutengenezea boksi la spika: pesa iende wapi kwanza

Kama una uwezo wa kununua mashine moja tu, nunua ruta, ile mashine ya mkononi ya kuchonga mbao kwa kikatio kinachozunguka. Wengi hukimbilia jigso, msumeno mdogo wa umeme, kwa kuwa ni nyepesi na haitishi, na kweli duara inakata. Lakini kwenye ubao wa milimita 18 ule msumeno wake mwembamba hupinda njiani, ukaona juu duara limetulia na chini limeegama. Ruta ukiifunga kwenye kipande cha plaiwudi chenye msumari upande wa pili, inazunguka kama bikari na kuacha ukingo safi usiohitaji hata msasa. Shusha kikatio kidogo kidogo, usilazimishe kina chote kwa mara moja. Na kipenyo cha tundu kisome kwenye karatasi ya vipimo vya spika yenyewe: wufa (spika ya besi) ya inchi 12 haikatiwi tundu la inchi 12, ule ni upana wa fremu yake kwa nje.

Upande wa mbao, kwa boksi la kukaa sebuleni napendelea MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Haina mkondo wa nyuzi wala mafundo, inakatika sawa kila upande, na ni nzito, kwa hiyo haitetemi ovyo besi ikipigwa. Ubaya wake ni mwingi pia. Bao zima la futi 8 kwa 4 la milimita 18 lina karibu kilo 40, maji yakiligusa linavimba na halirudi, na vumbi lake ni jembamba mno. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa linasababisha saratani. Barakoa nzuri ni sehemu ya vifaa kama ilivyo gundi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Boksi la kubebwa kwenye magari na kupangwa jukwaani lifanye kwa plaiwudi nzuri ya tabaka nyingi. Ni nyepesi, inashika skrubu vizuri na kona zake hazimeguki. Ikague ukingoni kabla ya kulipa: ukiona mapengo kati ya tabaka, iache, maana yatakuja kulia besi ikianza. Chipubodi, ubao wa chembe za mbao, siipendekezi kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kuona mtu ana spika nzuri na mbao nzuri, halafu hana klampu za kubania mbao. Anapaka gundi, anapigilia misumari, basi. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa nguvu pale tu vipande viwili vinapobanwa vikagusana kote. Ikiachiwa pengo inakuwa dhaifu. Nunua klampu ndefu nne angalau kabla ya kufikiria kapeti ya kuvisha nje. Boksi likibanwa vizuri, gundi hubeba kazi yote na skrubu zinabaki za kushikilia tu inapokauka. Skrubu za MDF zitobolee kwanza kwa dirili, la sivyo ukingo utapasuka katikati.

Futi na guni, kile kipimo cha pembe mraba, ni vya bei ndogo, lakini ndivyo vinavyoamua sauti. Chukua boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 40. Ukipima kwa nje ni lita 36. Ukiondoa unene wa ubao wa milimita 18 kila upande, ndani zinabaki lita 25 na kidogo. Hiyo ni karibu theluthi imeliwa na mbao, na bado hujatoa nafasi ya sumaku, bomba la tundu la hewa na mihimili ya ndani! Lita za ndani ndizo zinazohesabiwa. Spika nyingi za maana huja na vipimo vya Thiele na Small, namba zinazoeleza tabia ya spika, zilizopewa majina ya wahandisi wawili waliofanya kazi Australia. Viingize kwenye programu ya bure ya WinISD, itakuonyesha ujazo na urefu wa bomba kabla hujagusa ubao.

Bomba la PVC la maji linafaa kabisa kwa tundu la hewa. Pamba ya mito ya poliesta inafaa kwa ndani. Mkanda wa sponji chini ya fremu ya spika ni lazima.

Silikoni ya kuziba kona ni nzuri, ila ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Ipake, acha boksi wazi mpaka harufu iishe kabisa, ndipo ufunge spika. Kama boksi halina tundu la hewa, bonyeza koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole vilivyotandazwa kisha uiachie: ikirudi polepole, limeziba. Ikiruka mara moja, kuna mahali panavuja, na aghalabu ni nyuma, pale waya zinapoingilia.